Mtoto anayeanza Kichina, kalamu isubiri

Swali ninaloulizwa sana na wazazi hapa Ngamiani, Tanga, ni hili: "Mwalimu, mbona mwanangu hajaanza kuandika?" Hajaanza kwa sababu mtoto wa miaka saba au minane anatakiwa asikie kwanza. Masikio yake bado mepesi, tuyatumie.

Kiswahili hakina toni. Sema "nyumba" kwa sauti ya juu au ya chini, nyumba ni ileile. Kichina sanifu kina toni nne, ukiacha silabi nyepesi isiyo na toni, na maana imo humo humo. Mǎi, sauti ikishuka kisha ikapanda, ni kununua. Mài, ikiporomoka, ni kuuza. Basi tunacheza duka: mmoja na machungwa ya Muheza, mwingine na hela za karatasi, na mkono unafuata sauti hewani. Mnunuzi akikosea toni, wenzake wanapiga kelele, "Unauza!" Hapo anasema upya bila mimi kufungua mdomo.

Kuwa macho na maswali. Sisi tukiuliza "Umekula?" sauti hupanda mwishoni. Mtoto akiingiza mazoea hayo kwenye Kichina, toni ya neno la mwisho inaharibika. Mzoeshe mapema kuuliza kwa kuongeza "ma" nyepesi mwisho wa sentensi.

Halafu pumzi. B na p za Kichina zinatofautiana kwa pumzi tu. B yao haingurumi kooni kama yetu. Chana ukanda wa karatasi, mtoto aushike mbele ya midomo. Akisema pà, ukanda uruke. Akisema bà, utulie. Fanya hivyo pia kwa t na d, k na g. Pinyin, yaani Kichina kwa herufi za Kilatini, mfumo uliopitishwa China mwaka 1958, siwaonyeshi kabla ya zoezi hili, maana mtoto ataisoma kama Kiswahili cha shuleni.

Namba hazisumbui. Akijua moja hadi kumi amefika tisini na tisa: kumi na moja ni shíyī, "kumi moja", ishirini ni èrshí, "mbili kumi". Barabara zetu zina namba, basi tembea naye azitaje: ya saba, qī, ya kumi na mbili, shí'èr. Na kama sisi tunavyosema mwezi wa tatu, wao husema sānyuè.

Kuandika kukifika, anza na 木, mti. Mstari wa kulala kwanza, wa kusimama baadaye. Miti miwili, 林, ni kichaka. Mitatu, 森, ni msitu. Kwa siku ya kwanza hizo tatu zinatosha.