Usikubali kuandikwa "mengineyo"

Juzi dada mmoja wa Manyoni kanitumia meseji, jicho la kulia linaona ukungu, miguu inakufa ganzi, na alipotaja MS (maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho) akajibiwa huo ni ugonjwa wa wazungu, huku kwetu haupo. Nimelia jamani, maana hayo maneno niliambiwa na mimi hivyo hivyo.

Mimi nilianzia jichoni. Nipo Majengo nasubiri bajaji jua la saa saba, shati la dereva kwa jicho la kushoto ni jekundu kabisa, kwa la kulia limepauka kama limefuliwa miaka kumi. Nikapewa miwani. Miguu ilipoanza kugoma nyumbani wakasema nimerogwa, nikachanjwa chale, hayo sitaki hata kuyakumbuka. Baada ya miaka mitatu ndo nikapigwa picha ya MRI Dar, makovu yakaonekana kwenye ubongo na uti wa mgongo, ndo MS yenyewe.

Lakini kinachoniuma mpaka leo ni kliniki moja ambapo nesi alijaza mbele yangu kitabu cha MTUHA, kile cha kuandika magonjwa ya wagonjwa ili yahesabiwe, na majibu ya MRI ameshika, akaandika "mengineyo". Sasa mwezi ukiisha nani atajua nipo? Dawa ya nani itaagizwa?

Wamarekani wenyewe walisema kwa miaka mingi wana wagonjwa wa MS laki nne, mwaka 2019 utafiti ukaonyesha wanakaribia milioni moja! Dunia nzima hesabu ya 2013 ilikuwa milioni 2.3, ya 2020 ikafika milioni 2.8, wanawake ni mara mbili ya wanaume, na wengi wanagundulika kwenye miaka 30 na kitu, umri wa kulea. Sisi sensa ya 2022 ilihesabu mpaka majengo, ila wagonjwa wa MS haikutuhesabu. WHO iliingiza dawa za MS kwenye orodha ya dawa muhimu 2023, ila huwezi kuagizia watu ambao kwenye karatasi hawapo.

Kwa hiyo ndugu zangu dai jina la ugonjwa wako liandikwe. Tunza kopi za majibu, andika tarehe kila dalili inapokuja, halafu dai tena liandikwe. Mimi niligoma kutoka dirishani mpaka wakaandika MS kwenye faili langu, na sijutii.

Na wewe dada, Jumatatu ukienda beba kitu chekundu, fumba jicho moja moja mbele ya daktari, mwambie unavyokiona.