Leseni kwanza: jibu kwa ndugu anayeandika riwaya ya kasino ya Mombasa

Usiandike hata sura ya pili. Unasema kampuni lako la kubuni lina meli, saruji na hoteli za Nyali, na ndani yake kitengo kimoja cha burudani ya watu wazima na kasino. Meneja mmoja, jengo moja Moi Avenue, wasichana wanacheza juu, meza za ruleti, ule mchezo wa gurudumu la nambari, chini. Kisha unauliza kitengo kiitweje, wahudumu wavae nini, na bosi alichezee vipi gurudumu ili wateja waliwe. Ndugu yangu, jengo hilo nililijenga mimi katika riwaya yangu, likaniangukia.

La kwangu lilikuwa upande wa Mama Ngina, mabaharia wakipanda kutoka Kilindini na mishahara yao. Bosi aliliendesha miaka na miaka bila kutembelewa na mtu hata mmoja mwenye kalamu na faili. Maadui zake wote walikuwa na bastola. Niliuza pikipiki yangu kulipia uchapaji. Mmoja wa wasomaji wa mwanzo alikuwa mama aliyefanya kazi miaka mingi kwenye meza za kasino hapa hapa mjini. Alikisoma kitabu chote kwa adabu, akanirudishia na swali moja: "Mwanangu, huyu bosi wako leseni yake humtilia saini nani?" Sikuwa na la kumjibu, na kitabu changu hakikuwa nalo pia. Kumbe kila aliyewahi kukaa karibu na biashara hiyo alikwama palepale. Duka likanirudishia vitabu, na maboksi mpaka leo yamelala chini ya kitanda, nami natembea kwa miguu.

Aliyenipeleka huko ni bwana mmoja aliyejiita mhariri, akala pesa yangu ya mbele. Mswada wa kwanza ulikuwa na sura ya mkaguzi. Akaikata yote. Akaniambia wasomaji wanataka risasi na nguo fupi, mambo ya sheria watayaruka. Bado nina hasira naye, wallahi, maana alikata sura pekee iliyokuwa na uhai.

Tazama kisa cha kweli. Playboy, kampuni la Marekani la Hugh Hefner, lilikuwa hasa hicho unachokibuni: magazeti, vilabu vya wasichana waliovaa masikio ya sungura, na kasino. Klabu yao ya London ilifunguliwa 1966 pale Park Lane, na ikafika wakati kasino za Uingereza ndizo zilizokuwa zikililisha kampuni zima. Hakuna aliyewapiga risasi. Sheria ya huko ya 1968 ilikataza kucheza kamari kwa mkopo, hundi za wateja wakubwa, zilizoonekana kama mkopo wa kujificha, zikawa miongoni mwa hoja dhidi yao, polisi wakapinga, na 1981 leseni zikaondoka. Mwaka huohuo walikuwa wamefungua kasino Atlantic City, jimbo la New Jersey huko Marekani, kwa kibali cha muda. Tume ya kasino ya jimbo hilo ikaanza kufukua, ikarudi nyuma mpaka miaka ya 1960 mwanzoni, kwenye pesa zilizotolewa New York ili klabu yao ipate leseni ya pombe. Mwaka 1982 Hefner akanyimwa leseni ya kasino. Hongo ya kuuzia vinywaji, miaka ishirini baadaye, ikala kasino nzima katika jimbo la jirani! Huoni riwaya hapo?

Na mahasimu wao Ladbroke, kampuni la kamari la Uingereza, walikuwa wameshaanguka kabla yao. Walikuwa wakiandika nambari za magari yaliyoegeshwa nje ya kasino za wenzao, kisha wanapata majina ya wenye magari kutoka kumbukumbu za polisi ili wawavute matajiri kwao. Walipokonywa leseni za kasino 1979. Muweke kijana wa aina hiyo na daftari lake nje ya hoteli moja Nyali usiku, na utaona hadithi inavyotembea yenyewe.

Sasa rudi Mombasa. Kasino nchini Kenya ziliwekwa chini ya sheria ya kamari ya 1966 na bodi yake ya leseni, na 2025 ikaja sheria mpya na mamlaka mpya. Lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazitaja kasino na leseni za pombe katika kazi za kaunti. Basi bosi wako anatazama Nairobi kwa jicho moja na kaunti kwa jicho la pili, na kila ofisi inaweza kumuuliza habari za ile nyingine. Ghorofa yako ya juu nayo, ikiwa wasichana wanauzwa, imeingia vifungu 153 hadi 156 vya Kanuni ya Adhabu: kuishi kwa mapato ya ukahaba, kukodisha nyumba kwa kazi hiyo, kuendesha danguro. Mwenye akili hawezi kuziweka ghorofa hizo mbili chini ya jina moja. Ataitenganisha ya juu, aiandikishe kwa jina la shemeji au dereva, aombe Mungu faili mbili zisikutane. Huyo shemeji ndiye mhusika wako mkuu, si bosi.

Gurudumu liache. Ruleti ya Ulaya ina vishimo 37, kuanzia 0 mpaka 36, na ukipata nambari moja unalipwa 35 kwa 1, ilhali malipo ya haki yangekuwa 36 kwa 1. Pengo hilo peke yake huiachia nyumba karibu shilingi 2.70 katika kila 100 zinazowekwa mezani, usiku kucha, bila sumaku wala kamba. Bosi mwenye pato hilo akiiba anahatarisha leseni yake bure, na msomaji atamwona mjinga.

Andika kwanza barua ya ofisa anayeuliza ghorofa ya juu ni ya nani. Iwe ukurasa mmoja, yenye mhuri na tarehe ya mwisho ya kujibu. Ibandike hapahapa kwenye uzi niisome kabla hujamlipa mtu yeyote anayejiita mhariri.