Uliza kwanza maharagi ni ya msimu gani

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: maharagi kavu yalowekwe usiku, au yaende moja kwa moja motoni? Huku kwetu Goma hilo ni swali la makala, yaani makaa ya kupikia, kabla halijawa la mapishi. Bei ya gunia ikipanda, kila saa chungu kinayokaa juu ya babura, jiko letu la makala, inauma.

Mimi naloweka. Mama mkwe wangu, mtu wa Masisi, haloweki kamwe, na yake huiva kabla ya yangu. Watu husema ana mkono mzuri. Mkono anao, sikatai, ila maharagi yake yametoka shambani msimu huuhuu. Yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu huwa sugu: utachochea moto mpaka uchoke, na ndani bado yana kiini kigumu kama changarawe. Basi ukifika Kituku au soko la Virunga, usianze na bei. Shika punje kiganjani uzitazame. Rangi ikiwa imefifia, kukiwa na vitundu vya fukusi na ungaunga unaobaki mkononi, sogea meza ya pili. Muuzaji atakuapia kwamba yamefika jana. Kufika jana siyo kuvunwa jana, mama! Wala usikubali akuchanganyie mapya na ya zamani. Hayo mapya yatakuwa uji wakati mengine bado yanagoma.

Halafu kuna mwinuko. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagi huchelewa kuiva. Mgeni kutoka Kinshasa hudhani makala yetu ni mabovu. Mwenye sufuria ya presha amepona, maana ndani yake joto hupita nyuzi 110.

Kuloweka ni usiku kucha, maji mengi, na kijiko cha chumvi. Ndiyo, chumvi. Tuliambiwa inakaza maharagi, kumbe inalegeza ngozi. Kinachokaza ni nyanya, kwa ule uchachu wake. Zisubiri mpaka mwisho pamoja na vitunguu na mawese. Ukiyaangalia maharagi uliyoloweka usiku utaona ngozi imejikunja; asubuhi imenyooka. Mwaga maji hayo, tia mapya. Kujua yameiva, chota machache kwenye kijiko upulize: ngozi ikipasuka na kujikunjua, onja.

Jambo moja silifanyii mzaha. Wengi, ili kuokoa makala, huyaacha yakilala juu ya majivu ya moto yaive polepole mpaka alfajiri. Maharagi mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayoleta matapishi na kuharisha, na moto hafifu hauiui. Unaweza hata kuiongeza nguvu. Yachemke kwanza kwa fujo, povu likipanda, nusu saa nzima. Baada ya hapo ukitaka kuyafunika na kulala, lala.

Na magadi? Kwa maharagi sugu kweli yanasaidia, lakini ncha ya kijiko tu. Yakizidi yanaharibu vitamini B1, mchuzi unaonja sabuni, na watoto watausukuma pembeni wabaki na bugali mkavu.