Kabla Hujaongeza Chumvi Nyingine Kwenye Sabuni ya Maji

Juzi dada mmoja wa Bahati, kule Nakuru, ameniandikia. Alitengeneza sabuni ya maji lita 20, ikatoka nyepesi. Jirani akamwambia aongeze chumvi. Akaongeza, ikazidi kuwa nyepesi. Akaongeza tena, na sasa kuna tabaka lenye ukungu juu na maji matupu chini. Anauliza kama chumvi aliyouziwa ni feki.

Dada yangu, chumvi yako ni nzima kabisa. Imezidi tu. Najua wengi mnaosoma hapa ama mmeshaanza kazi hii ama mnatafuta mtaji muianze, kwa hivyo nimeona nijibu hadharani.

Mimi kazi hii niliifunzwa hapa Kisumu kwenye semina fupi, na nililipia kwa pesa niliyoichanga kwa jasho. Tulipewa karatasi ya fotokopi. Ungerol, ile malighafi nzito ya sabuni, kilo moja. Ufacid, asidi ya kutengenezea sabuni, mkebe. Kostiki soda, kiasi. Chumvi, ya kutosha. Nikanyoosha mkono nikauliza, ya kutosha ni gramu ngapi? Mkufunzi akacheka mbele ya watu wote, akasema, "Mama, hapa hatuko darasa la kemia, hapa ni biashara." Ukumbi mzima ukacheka naye. Nasema ukweli, mpaka leo kicheko kile bado kinaniuma, kwa sababu swali langu ndilo lilikuwa swali la biashara.

Ile karatasi ndiyo iliyoninyima mteja wangu wa kwanza mkubwa, shule moja ambayo sitaitaja. Niliifuata neno kwa neno. Mitungi ilitoka kwangu Kondele ikiwa mizuri, sabuni inavutika. Ilipofika kipindi cha joto kali, wakanipigia simu niende niichukue, imekuwa maji. Bwana wa stoo alinisimamisha getini akafungua mtungi, akachota kwa kikombe akamwaga chini taratibu, nikitazama. Hakusema neno. Akarudi ndani.

Baada ya hapo nilirudi kwenye kemia ya sekondari, nikaongeza na ya watengenezaji wakubwa, na nikaelewa kinachotokea ndani ya ndoo. Naomba usiruke sehemu hii.

Ungerol ni sodiamu laureth salfeti. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Ukiiweka kwenye maji, molekuli hizo hukusanyika, mikia ikijificha ndani na vichwa vikibaki nje, zikawa vifungu vidogo vya mviringo vinavyoitwa miseli. Vichwa vyote vina chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana. Miseli hizo hupishana tu bila kunasana, ndiyo maana sabuni isiyo na chumvi humiminika kwa haraka. Chumvi nayo ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni za sodiamu zenye chaji chanya na ayoni za kloridi zenye chaji hasi. Zile za sodiamu huvizunguka vichwa vya Ungerol na kupunguza kule kusukumana. Molekuli zinabanana zaidi, na miseli zinarefuka zikawa nyuzi zinazonasana kama kamba za katani zilizotupwa kwenye pipa. Hapo ndipo sabuni inakuwa nzito.

Lakini kuna kilele. Ukikipita, zile nyuzi huanza kubadilika umbo na kuteleza, uzito unashuka. Ukiendelea kumwaga chumvi, sabuni yenyewe inafukuzwa kutoka kwenye maji na kujitenga. Hicho ndicho kilichotokea Bahati. Yaani sabuni nyepesi inaweza kuwa imepungukiwa chumvi au imezidiwa, na kwa macho zinafanana! Mtu anayekwambia "ongeza chumvi" bila kuuliza umeshatia kiasi gani anakupoteza.

Na kilele hicho hakifanani kila mahali. Joto hulegeza sabuni, kwa hivyo iliyonona asubuhi ya baridi Nakuru itakuwa nyepesi mchana wa Kisumu, na ile iliyokaribia mwisho wa chumvi huweza kuingia ukungu baridi ikizidi. Maji ya kisima yenye madini yanakuja na ayoni zake kabla hujafungua pakiti ya chumvi. Manukato nayo hubadilisha uzito, mengine kwa kiasi kikubwa. Ukichukua vipimo vyangu ukavitumia kwa maji yako na manukato yako, usinilaumu.

Kwa hivyo pima mwenyewe. Maliza kila kitu kwanza, manukato na rangi vikiwemo, chumvi ibaki ya mwisho. Acha povu litulie usiku kucha, maana viputo vya hewa huyadanganya macho. Kisha yeyusha gramu 200 za chumvi kwenye maji, ujazie mpaka lita 1 kamili. Kila mililita 5 ya maji hayo ina gramu 1 ya chumvi. Panga vikombe kadhaa, kila kimoja ukitie mililita 100 za sabuni. Kwa sirinji ya duka la dawa, tia mililita 2 kikombe cha kwanza, 4 cha pili, 6 cha tatu, uendelee hivyo. Koroga polepole, ngoja, kisha inua kijiko katika kila kikombe uangalie uzi unavyoshuka. Utaona unanenepa, unanenepa, halafu ghafla unakatika haraka. Chagua kikombe kilicho kabla kidogo ya kilele, sio kilele chenyewe, ndio ubaki na nafasi hali ya hewa ikibadilika. Zidisha kipimo hicho kwa mara 200 upate cha lita 20.

Nunua mizani. Gorogoro ni ya mahindi. Kijiko cha mtu mmoja kimejaa, cha mwingine kimesawazishwa, na chumvi ya mawe haikai kwenye kijiko sawa na ya unga. Nimeona watu wanaokopa pesa ya chama kununua kemikali halafu wanakataa kununua mizani, nikashindwa kuelewa. Ukiwa na ndoto ya kuuzia hoteli na shule, anza kupima kama mtu anayeuzia hoteli na shule.

Na usihangaike kuchemsha maji ili chumvi nyingi iingie. Katika nyuzi joto 25 za Selsiasi, mililita 100 za maji hupokea takriban gramu 36 za chumvi, na moto hauongezi sana. Sukari ndiyo hupenda moto, chumvi haina habari nao.

Ndoo ya Bahati isimwagwe. Tengeneza nyingine isiyo na chumvi kabisa, uichanganye na ile kidogo kidogo ukijaribu kwenye vikombe kwanza. Chumvi iliyozidi huku itafanya kazi kule.

Mwezi huu shule moja ya bweni imenipa oda ya sabuni ya mwaka mzima. Walijaribu ya watu wengine na yangu, wakaziacha dirishani kwenye jua kisha wakarudi kuziangalia. Yangu ilibaki vile vile. Nilifurahi hadi nikalia, na sioni haya kusema. Nilimkumbuka yule mkufunzi. Nyinyi mnaofundisha wengine, mtu amewalipa, mpeni gramu.

Halafu kostiki soda, ambayo karatasi nyingi huiandika tu "kiasi". Kilo moja ya Ufacid huhitaji takriban gramu 120 hadi 125 za kostiki ili asidi iishe, na karatasi ya litmasi ndiyo ya kuthibitisha. Kostiki hutiwa kwenye maji baridi, kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki, kwa sababu inapoyeyuka hutoa joto kali na inaweza kuruka usoni. Tumia ndoo ya plastiki nzito. Sufuria za alumini huliwa na kostiki na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto, kwa hivyo ziache jikoni. Vaa glavu na miwani, na watoto wawe nje ya chumba mpaka umalize na kuosha vyombo.