Zege lenye jivu: tubomoe au tusubiri?

SWALI: Habari za kazi. Tunajenga ghorofa moja, injinia ametuambia tupunguze saruji robo na hiyo robo tujazie jivu la makaa ya mawe, lile la kwenye mitambo ya umeme. Fundi wetu hataki hata kulisikia, anasema jivu ni uchafu tu. Juzi tumepima vipande vya siku 7 na kweli nguvu imekuja chini kuliko zege la kawaida. Sasa tubomoe? Na kama jivu linafaa mbona tusichukue la jikoni?

JIBU: Usibomoe kitu ndugu yangu! Zege la hivyo siku 7 huwa liko nyuma, ndiyo tabia yake.

Iko hivi, saruji ikikutana na maji inatoa gundi inayoshika mchanga na kokoto, ila inatoa pia chokaa ambayo inabaki imekaa tu, haibebi mzigo wa maana na maji yakipenya yanaiosha yanaacha vitundu. Jivu lina silika, madini kama yale ya kwenye mchanga, na hiyo silika inaila chokaa taratibu inatengeneza gundi nyingine juu ya ile ya kwanza, ndo maana baadaye zege linakazana na chumvi inayoleta kutu inapata shida kufika kwenye nondo. Kwa hiyo pimeni tena siku ya 28, halafu ya 56, hapo ndo mtaongea na fundi.

Lakini nakuomba sana, maji! Zege likikauka mapema hiyo kazi ya jivu inasimama pale pale. Funikeni magunia mabichi, mwagilieni hata wiki mbili, na mirunda msiitoe mpaka injinia aridhike na vipimo.

La jikoni hapana kabisa. Jivu la kuni lina alkali nyingi na vipande vya mkaa, na kuna kokoto zikikutana na alkali zinavimba, zege linapasuka. Jivu la pumba za mpunga ni jambo lingine, hilo ni zuri kweli ila lichomwe chini ya nyuzi kama 700 na lisagwe laini, moto ukizidi silika inageuka fuwele na haiungani tena na chokaa.

Mwambie fundi pia kwamba Waroma walichanganya chokaa na jivu la volkano, na kuba la Pantheon, hekalu lao la kale pale Roma, upana mita 43, lina miaka kama 1,900 bado limesimama bila nondo hata moja. Halafu klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa saruji, inachomwa nyuzi 1,450 na mawe ya chokaa yenyewe yanatoa hewa ya kaboni yakiungua, saruji peke yake ni kama asilimia 7 au 8 ya kaboni yote inayotoka kwa shughuli za binadamu, mimi hiyo robo mliyopunguza naiona ni faida kubwa.

Ila kabla hamjachanganya tena someni mfuko. Saruji nyingi zinatoka kiwandani tayari zina pozolana (unga wenye silika kama hilo jivu) au slagi (mabaki ya kuyeyushia chuma yaliyosagwa) ndani, mkipunguza robo nyingine juu ya hapo mtakuwa mmepitiliza, na hilo injinia alijue leo.