Derivativu kwenye kompyuta: taja kigeu chako

Wadogo zangu mnaoanza programu za hesabu hapa Tabora, kile kistari cha f′(x) mlichokizoea ubaoni kama alama ya derivativu, yaani kasi ya kubadilika kwa f, kiacheni daftarini kwanza. Daftarini kinatosha, maana mwalimu na mwanafunzi wote wanajua kigeu ni x. Kompyuta haijui mpaka uiambie.

Kwenye lugha ya programu ya Python, kistari hicho ni ritifaa, ileile ya ng'ombe, na kazi yake ni kufungua maandishi. Ukiandika f'(x) utaonyeshwa kosa papo hapo, na hilo ni afadhali. Octave, programu ya kukokotoa hesabu, ndiyo inayoumiza. Huko y' hugeuza safu mlalo kuwa safu wima, kimya kimya, nawe unaendelea ukidhani umepata derivativu.

Hata amri ya diff, ambayo jina lake linakufanya udhani ni derivativu, ina mtego. Niliwahi kupoteza jioni nzima na umbali wa treni kutoka stesheni ya Tabora kuelekea Kigoma, uliopimwa kwa kilomita kila nusu saa: 0, 12, 30, 45. Diff ya Octave ikanipa 12, 18, 15, nami nikaziandika kuwa kasi. Treni gani hiyo ya kilomita 12 kwa saa, wakati baiskeli inaifikia? Kumbe diff ya orodha huchukua tu kila namba na kuipunguza ile iliyoitangulia. Kasi inapatikana ukigawanya kwa 0.5: 24, 36, 30. Halafu angalia, zimeingia namba nne zikatoka tatu. Ukizichora, ziweke katikati ya vipindi, yaani saa 0.25, 0.75 na 1.25 tangu treni iondoke.

SymPy, maktaba ya Python ya hesabu za herufi, ina diff pia, ila hiyo inapokea fomula na kigeu: diff(s, t), na derivativu ya pili ni diff(s, t, 2). Derivative(s, t) huacha swali bila kulikokotoa mpaka uongeze .doit(). Ninapoandaa somo napenda hii, wanafunzi wakaliona swali kabla ya jibu.

Sasa tuandike kwa alama ya Leibniz, yaani d/dx, au ya Lagrange, yaani kile kistari? Chukua f(x) = x². Kwa Lagrange, f′(2x) ni 4x: tafuta derivativu kwanza, kisha weka 2x. Kwa Leibniz, d/dx ya f(2x) ni 8x. Majibu yote ni sahihi, ila maswali ni mawili. Kwa anayeanza nashauri Leibniz bila kusita, kwa kuwa kigeu kinatajwa.

Vigeu vikiwa viwili, kuweni macho zaidi. Kwenye programu ya hesabu ya Maple, D[1] ni derivativu kwa kigeu cha kwanza, lakini SageMath, programu nyingine ya aina hiyo, huanza kuhesabu na 0, kwa hiyo D[1] yake ni kwa kigeu cha pili. Jaribuni na x²y kabla ya kazi yenyewe: kwa x mpate 2xy, kwa y mpate x². Zikibadilishana nafasi, mmeanza kuhesabu pasipo pake.