Maswali na majibu: Mpinga Kristo kwenye ukuta wa kanisa

Vijana wetu wana kesha. Kati ya filamu za kunyakuliwa, yaani waumini kutwaliwa ghafla mbinguni, tuanze na ipi? (Kiongozi wa vijana, Kayole)

Anzeni na *A Thief in the Night* ya 1972. Nguo na nywele zitawachekesha vijana, lakini hadithi haiyumbi: mke anaamka, mumewe hayupo, mashine yake ya kunyolea bado inanguruma kwenye sinki. Ina mwendelezo wa filamu tatu, na mkiwa na watoto msiuguse. Kuanzia ya pili inaingia mashine ya kukata vichwa.

Kwa *Left Behind* angalieni mwaka kabla ya kulipa, maana ziko kadhaa na wauzaji huzichanganya. Ya 2000, ya Kirk Cameron, inaye Nicolae Carpathia, Mpinga Kristo mwenyewe, akijipatia madaraka kupitia Umoja wa Mataifa. Ya 2014, ya Nicolas Cage, sehemu kubwa iko ndani ya ndege na Carpathia hayumo kabisa. Ukiwaahidi vijana Mpinga Kristo kisha uwawekee hiyo, watakudai.

Tulionyesha kwa spika za kanisa. Muziki ulisikika vizuri, maneno ya waigizaji yakapotea. Spika zimekufa? (Fundi mitambo, Kawangware)

Spika ni nzima, kosa liko kwenye waya. Pini ndogo ya laptopu, ya milimita 3.5, hubeba sauti mbili, kushoto na kulia. Ukiichomeka kwenye tundu moja la mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) kwa waya usiogawanyika, mikisa nyingi huchukua sauti ya upande mmoja na kuiondoa kwenye ya pili, kama hesabu ya kutoa. Maneno yamerekodiwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo yanafutana. Muziki, ambao hutofautiana kushoto na kulia, ndio unaosalia. Nunua waya wenye pini ya 3.5 upande mmoja na pini mbili kubwa za 6.35 upande wa pili, kila moja iingie chaneli yake. Kama maneno bado ni hafifu, huenda faili lina sauti ya chaneli 6 na ile ya katikati, inayobeba maneno, haitoki. Badilisha sauti iwe stereo ndani ya VLC, programu ya kuchezea video. Jaribu haya kabla watu hawajaketi, na ujaribu kwa sehemu yenye mazungumzo, si kwa wimbo wa mwanzo.

Picha inafifia. Projekta ni ya lumeni 3,000. (Huyo huyo)

Mchana, kanisa la mabati lenye madirisha wazi litaishinda. Subirini saa moja usiku, au punguzeni picha hadi upana wa mita 2. Kwa projekta yenye uwiano wa 1.5 (umbali kutoka ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha), hiyo ni mita 3 kutoka ukutani.

Padri kwenye *The Omen* anakariri shairi la Wayahudi kurudi Sayuni. Ni Ufunuo sura gani? (Msomaji, Umoja)

Hakuna sura hiyo. Shairi lilitungwa kwa ajili ya filamu, ya 1976, na bado kuna watu wanalinukuu kama Maandiko. Hata jina Mpinga Kristo halimo katika Ufunuo. Liko kwenye Waraka wa Kwanza na wa Pili wa Yohana basi. Watunzi wa filamu humshona mtu mmoja kutoka kwa mnyama wa Ufunuo 13, “mtu wa kuasi” wa 2 Wathesalonike 2 na mtawala wa Danieli 9. Nayo habari ya waumini kunyakuliwa kabla ya Dhiki Kuu ilienezwa na John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830. Wakatoliki hawaifundishi, kwa hiyo mkiwaalika majirani wa parokia, waelezeni mapema.

DVD tumenunua kwa pesa zetu. Kibali cha nini tena? (Mweka hazina, Donholm)

DVD uliyonunua ni ya kutazama nyumbani. Kuionyesha hadharani, hata bila kiingilio, kunahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki. Tena filamu iwe imekaguliwa na kupewa daraja la umri na KFCB, bodi ya kukagua filamu Kenya. Ikiwa ni 16 au 18, watoto wa Sunday school wasiwe ukumbini.